Mafuta Yaliyogeuka Saa Tisa

Wifi yangu alikuwa analipwa ili anuke. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikimwambia usoni kila asubuhi, naye akinijibu kwamba heri anayenuka kwa mshahara kuliko anayenuka bure, halafu ananitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. Mimi nimeolewa na kaka yake. Tumekaa nyumba moja miaka kumi na mitatu, na utani wetu ulikuwa hauna breki.

Alifanya kazi kwenye duka la mafuta ya udi, yale ya asili, yanayotolewa kwenye mbao za mti wenyewe bila kuchanganywa na kitu. Hakuwa muuzaji. Alikuwa mvaaji. Kila mafuta mapya yalipoletwa, kabla tajiri hajaamua kuyanunua, wifi aliyavaa kutwa nzima. Alinieleza sababu mara mia, nikaishia kuzijua kwa moyo. Udi ukiwa kwenye chupa haujasema kitu, mtu yeyote atanusa na kusema mzuri. Inabidi uupake, ufanye nao kazi, utoke jasho, ule, uchoke, urudi nyumbani, ndipo ujue umenunua nini.

Saa mbili asubuhi alinawa mkono wa kushoto kwa maji matupu, akachovya kijiti cha kioo kwenye chupa na kujigusa mara moja tu, upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko. Kisha daftari. Nimelisoma mara nyingi lile daftari, mwandiko wake ni wa kulala kama mtu aliyeshiba. Saa mbili: zizi, ngozi mbichi, kali. Saa nne: zizi limeondoka, moshi. Saa sita: asali nyeusi. Saa tisa: mbao kavu. Saa moja jioni: utamu mdogo, karibu na ngozi, lazima uinamie. Mafuta mamoja kwa siku, mkono mmoja, basi. Mkono wa kulia haukuguswa na tone lolote miaka yote hiyo, kwa kuwa yeye aliamini mafuta mawili kwenye mwili mmoja yanagombana, na wewe unabaki kusikiliza ugomvi.

Sasa fikiria kuishi na mtu kama huyo. Sabuni ya nyumbani haikuwa na harufu. Vitunguu vilikaangwa baada ya saa moja jioni, na madirisha wazi. Mume wangu alimsalimia dada yake kutokea upande wa kulia tu. Na mimi, mwanamke mzima, fundi cherehani ninayeshonea wanawake wenye kunukia kuanzia mlangoni, nilikaa miaka kumi na mitatu bila kupaka manukato ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nililalamika sana, lakini nilikuwa najivunia. Wateja wangu nikiwaambia wifi yangu anafanya kazi gani, walikuwa wanasahau kunikemea kwa kuchelewesha nguo zao.

Wenye pua wako wengi. Tajiri wake ana pua, na muuzaji wa kaunta ana pua kali kuliko sote. Walichokosa ni ngozi. Tajiri akivaa mafuta yanamchachukia kabla ya adhuhuri, yule muuzaji yanamkimbia yote saa nne. Ngozi ya wifi ilikuwa haiongezi wala haipunguzi, ilikuwa haina maneno yake. Mafuta yaliyokuwa mazuri yalibaki mazuri juu yake, na ya kitapeli yalijianika yenyewe. Kwa hiyo alichosema wifi kilikuwa kimesemwa. Watu wazima walisafiri kuleta vichupa vyao, wakakaa kwenye benchi mle dukani, chini ya feni ya dari isiyowashwa kamwe, wakimtazama mwanamke mmoja akiuinua mkono wake puani kila baada ya saa mbili.

Mmoja hakuwahi kuja. Tulimwita Mpishi, kwa sababu kazi yake ni kuyapika mafuta hayo. Alikuwa mzee anayeishi mbali sana, ana masufuria yake mawili ya shaba, na kila mwaka alituma chupa moja ya kuonja. Wifi akisema ndiyo, duka linachukua mzigo wake wote na mzee ana mwaka wake. Akisema hapana, hakuna mwingine wa kuuchukua. Miaka kumi na mmoja mfululizo alisema ndiyo. Siku za mafuta ya Mpishi nilikuwa nazijua hata bila kuambiwa, maana wifi alirudi nyumbani akitembea na mkono juu kama mtu aliyevunjika, akatuzungusha wote tunuse. Alikuwa hajawahi kumwona huyo mzee. Walizungumza kwa simu tu, mara mbili tatu kwa mwaka, na nadhani alimpenda kuliko sisi.

Mwaka uliopita mambo yakaharibika. Kwanza mafuta ya watu wengine. Saa mbili yako sawa, saa sita yako sawa, inafika saa tisa yanageuka. Wifi aliandika neno hilo, yanageuka, akalipigia mstari. Nikamuuliza yanageuka kuwa nini, akasema mkojo uliokauka, choo cha stendi mchana wa jua. Nikamwambia kazi yake imempata. Hakucheka. Alisema kuna watu wameanza kuchakachua mbao, au wanapika na maji machafu, au vyote viwili, na kwamba yeye hatawapitisha hata mmoja. Akawa mbogo. Mwezi ule peke yake alirudisha vichupa tisa.

Kisha ikafika chupa ya Mpishi, nayo ikageuka.

Nilikuwepo alipompigia simu. Alizungumza naye kwa adabu zote, akamuuliza kama amebadilisha kuni, kama amebadilisha kisima. Mzee alisema hajabadilisha kitu ila atarudia. Akarudia. Baada ya miezi miwili ikaja chupa ya pili, imefungwa kwa uzi mara tatu, nayo saa tisa mchana ikageuka vilevile. Wifi alilia, na mimi sijamzoea akilia, nikaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Niseme pia habari ya mfanyabiashara mpya. Alikuwa kijana nadhifu, suruali imenyooshwa mpaka inakata, na mafuta yake yalipita yote. Juu ya mkono wa wifi yalikaa vilevile tangu asubuhi mpaka jioni, hayapandi wala hayashuki. Wifi akasema angalau amebaki mwaminifu mmoja. Duka likajaa mafuta ya kijana huyo. Yeye aliyenifundisha mimi kwamba udi wa asili lazima utembee, kwamba ukiukuta saa moja jioni mahali ulipouacha saa mbili asubuhi basi ni dawa ya kiwandani inayokufunika ngozi, hakuliona hilo. Alikuwa amechoka. Alikuwa anatafuta mafuta ambayo hayanuki mkojo, akayapata.

Na kuchoka kwenyewe nilikuona, naapa nilikuona. Miguu ilivimba. Nikamwambia viatu vimemkataa, wakati wa ndala umefika, karibu kundini. Chakula kikawa hakimpandi. Akawa anajikuna mikono, shingo, mgongo, anajisugua kwenye fremu ya mlango huku akizungumza nasi. Alisema ni mafuta mabaya yanamwasha. Mimi nami nikashikilia hilohilo, nikamkalia kooni aache kujipaka takataka za matapeli, nikamnunulia mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi! Mpaka leo nikiyaona kwenye rafu ya duka napita upande wa pili.

Chupa ya tatu ya Mpishi ilikuwa ndogo kama ncha ya kidole. Alimwambia kwenye simu kwamba hizo ni mbao za mwisho alizokuwa amejiwekea, za mti mkubwa, na kwamba amezipika hatua kwa hatua kama alivyofanya mwaka wa kwanza. Wifi aliivaa siku ya Jumanne. Saa tisa ilipofika alikuwa dukani. Akampigia palepale, kwa kuwa hakutaka mzee asubiri mpaka kesho, akamwambia hapana. Mzee akasema asante binti, akakata simu. Jioni ile wifi alikaa mbele ya sahani yake mpaka ikapoa, nami nikaiondoa bila kumtania.

Jumatano aliondoka na mafuta mengine mkononi. Kile kichupa alikiacha juu ya meza ya mbele, kando ya cherehani yangu, akasema nikitupe, kwamba yeye mkono hautamwendea. Sikukitupa. Nitasema ukweli wangu: nilikivaa. Kwanza kilikuwa kimeshahukumiwa, hakuna wa kukidai. Pili, miaka kumi na mitatu. Nikafungua uzi, nikajigusa chini ya kiwiko, ndani, kama alivyofanya yeye.

Nilidhani nimekosea. Kilinuka zizi, zizi hasa, ng'ombe na majani yaliyolowa, nikatazama mlango kama mwizi. Lakini nilikuwa nimelisoma daftari, nikajua zizi ndilo linaloanza. Nikaendelea kushona. Kufika saa nne zizi limekwisha, badala yake kuna moshi, moshi wa mbali wa jikoni kwa mtu mwingine. Mteja mmoja alikuja kuchukua gauni lake, akalivaa, akalivua, akalipa, halafu akabaki amesimama. Akauliza kama nina wageni. Nikamwambia sina. Akaondoka polepole.

Saa sita ikaja asali, si ya kulamba, nyeusi, yenye uchungu mwishoni. Nilikula chakula changu kwa mkono wa kulia tu. Saa nane utamu ukazama chini na mbao zikapanda juu. Hapo nikaanza kukingoja choo cha stendi. Nilikaa na saa ya ukutani mbele yangu, mshono mkononi, na nikaunga mkono wa kulia wa blauzi mahali pa mkono wa kushoto. Saa tisa ikafika. Saa tisa na nusu ikafika. Mbao kavu, safi, na kitu chini yake cha kama karatasi za kitabu cha zamani. Sikusikia kingine. Nikajiambia ni pua yangu tu, pua ya fundi cherehani inajua nini. Nikafumua ile blauzi.

Wifi aliingia saa kumi na mbili na nusu, viatu mkononi. Alifika katikati ya chumba akasimama.

"Umepaka nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimeshayaandalia majibu. Akaja, akakaa kwenye stuli ya wateja, akauchukua mkono wangu kwa mikono yake miwili na kuuweka puani. Alinusa muda mrefu, macho yamefumbwa. Akauachia, akageuza uso dirishani, akapumua hewa ya nje, akanusa tena. Kisha akauliza nilipaka saa ngapi, na kama nilinawa, na saa tisa nilisikia nini. Nikajibu yote kama mwanafunzi.

"Hayajageuka," akasema.

Nikamwambia labda mimi ndiye niliyekosea, labda yaligeuka nikiwa nimeinamia cherehani. Hakunisikiliza. Aliunusa mkono wake wa kushoto, wenye mafuta ya siku ile, akakunja uso. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alikunja mkono wa nguo wa kulia, akauinua ule mkono usiopakwa kitu miaka yote, akaunusa. Halafu akaninyooshea mimi.

"Nusa huu, wifi."

Nikanusa. Ulikuwepo. Kidogo, wa mbali, lakini ulikuwepo, ule mkojo uliokauka, chini ya kiwiko cha mtu aliyeoga asubuhi, mtu ninayempenda. Nikamwambia sisikii kitu. Nilimdanganya mtu ambaye kazi yake ni kunusa, na alinitazama kwa huruma, kana kwamba mwenye shida ni mimi.

Hospitali tulikwenda kesho yake, watu watatu, mimi na yeye na kaka yake. Walimtoa damu, wakatuweka kwenye viti vya plastiki, wakarudi wakamtoa nyingine. Daktari alikuwa msichana mdogo aliyekosa usingizi. Alisema figo zote mbili zimechoka sana, maana yake zimekufa ila adabu inamzuia kusema. Alisema uchafu uliopaswa kutoka kwa njia yake ulikuwa unatokea kwenye ngozi na kwenye pumzi. Kisha akauliza dalili zilianza lini, kama anavyouliza kila mtu, kalamu tayari, akitegemea kuambiwa wiki iliyopita.

Wifi akatoa daftari kwenye mkoba. Alifungua ukurasa wa kwanza wenye mstari chini ya neno, akamwekea mezani. Daktari alisoma. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Tarehe, saa, harufu, tarehe, saa, harufu, miezi saba kamili kwa mwandiko wa kulala. Alisema hajawahi kuona kitu kama hicho, kwamba watu wa kawaida hawaisikii harufu hiyo mpaka mgonjwa yuko kitandani hajitambui. Akauliza kwa sauti ya chini kwa nini hakuja mapema.

"Nilidhani ni mafuta," wifi akasema.

Nilimfuata daktari kwenye korido. Nikamuuliza, kama tungekuja miezi ile ya mwanzo ingekuwaje. Akasema labda zingetunzwa kwa dawa na chakula, labda miaka kadhaa. Labda. Nilimshukuru, nikaenda chooni, nikafungulia bomba mpaka mwisho na kulia pale kwenye sinki, kwa sababu mimi ndiye niliyemwona miguu ikivimba nikaifanya kichekesho.

Mume wangu alitaka kutoa figo yake. Alilitamka palepale, bila kuniuliza, na ningemchukia kama angeniuliza. Wakampima. Presha yake mwenyewe ikakutwa iko juu, wakamwambia akitoa moja watakuwa wagonjwa wawili. Mwanamume mrefu vile alitoka mle ndani amebeba karatasi za vipimo, akaniuliza aziweke wapi, nikazitia kwenye mkoba wangu. Mimi nilipimwa pia. Damu zetu haziendani. Nilimwambia wifi hata damu yangu inamtania, akacheka kwa kuniheshimu.

Kwa hiyo ni mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Kwanza walimwekea mpira shingoni. Kisha wakamfanyia upasuaji mdogo mkononi, wa kuunganisha mishipa, ili sindano za mashine ziwe na pa kuingilia. Walichagua mkono asioandikia, yaani wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, upande wa ndani. Muuguzi akatupa masharti: usibebe mzigo kwa mkono huo, usiulalie, usipimwe presha hapo, na usipake kitu chochote cha manukato. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema sawa.

Tajiri alikuja kumwona. Alileta matunda ambayo haruhusiwi kula. Wateja walikuwa wameanza kurudisha mafuta ya yule kijana, mmoja ametoka vipele shingoni, na tajiri alipoyapeleka kwa mtu mwenye vipimo vya kiwandani akaambiwa udi humo ni wa kutafuta kwa tochi. Ameyaondoa yote kwenye rafu. Kijana simu yake haipatikani. Tajiri hakumlaumu wifi, alisema walikosea wote, akasema nafasi yake ipo akipata nafuu, na sote tulijua nafasi yenyewe ilikuwa mkono. Alipokuwa anaaga aliutazama wangu, kwa sekunde moja tu. Nikashusha mkono wa nguo mpaka kwenye vidole.

Wiki ya tatu ya mashine, siku ya mapumziko, adhuhuri, wifi akasema anataka kumpigia Mpishi. Alikuwa amelala kwenye kochi la chumba changu cha kushonea, mto chini ya mkono wenye bandeji. Nilimwambia asubiri apate nguvu. Akasema amengoja vya kutosha, kila siku anayongoja mzee anaamini uongo. Jambo moja tu lilikuwa linamsumbua, kuliko figo, kuliko sindano: alitaka mzee apike tena, na mafuta yake yapite. Alikuwa ameshazungumza na tajiri, na tajiri alikuwa amekubali kuchukua mzigo wote bila kuvaliwa na mtu. Nikapiga namba, nikaweka sauti ya nje, nikaishika simu karibu na mdomo wake.

Walisalimiana. Alimwamkia, mzee akaitikia, akauliza habari za kazi. Wifi hakuzunguka.

"Mzee wangu, mafuta yako hayakugeuka. Hata mara moja. Niliyegeuka ni mimi. Naumwa figo, na ile harufu ilikuwa yangu. Chupa zote tatu zilikuwa nzima."

Mzee akaanza kumpa pole. Alitaka kujua anatibiwa wapi, anakula nini, nani yuko naye, kama analala. Aliuliza mambo mengi na kuyasikiliza majibu. Wifi alimjibu haraka haraka, kama mtu anayesogeza vyombo ili apite, akamwambia kuhusu tajiri, akamwomba apike tena, mbao zozote alizo nazo, kidogo kidogo tu.

"Binti yangu, masufuria niliyauza. Yule mtu wa vyuma chakavu aliyakata palepale uani, yasingeingia kwenye gari yake mazima."

Alilisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililonimaliza mimi. Wifi akauliza kwa nini, kwa nini hakungoja hata mwaka mmoja, kwa nini hakuwapelekea watu wengine wayanuse.

"Nilikuwa nayavaa na mimi," mzee akasema. "Kila chupa, kabla sijakutumia, naivaa tangu asubuhi mpaka jioni. Na mimi nilikuwa nayasikia mazuri mpaka jioni. Ya mwisho nilivaa siku mbili. Wewe uliposema yanageuka saa tisa, nikajua pua yangu imekufa. Mtu asiyesikia harufu atapika nini? Sikuwaza kwamba utakuwa wewe. Wewe hujawahi kukosea."

Nilimwona wifi akitafuta neno na hakulipata, yeye mwenye neno kwa kila kitu kinachonuka duniani. Mimi nami nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili kama sinia.

"Kwa hiyo pua yangu nzima?" mzee akauliza.

"Nzima, mzee wangu."

"Na chupa ya mwisho? Saa tisa iliingia kwenye mbao kavu?"

Wifi akanigeukia mimi. Ndipo nilipotambua kwamba katika watu wote, aliyeyavaa mafuta yale mpaka mwisho na kuyasikia ni mimi na huyo mzee tu. Nikamwamkia. Nikamwambia mimi ni wifi yake, fundi cherehani, niliyaiba nikayavaa. Nikamweleza saa kwa saa, zizi, moshi, asali, mbao, na karatasi za kitabu cha zamani chini yake. Alikuwa anasema ndiyo, ndiyo, baada ya kila kimoja. Nilipofika mwisho akasema basi, amefurahi kujua. Akatuombea afya, akakata simu.

Wifi akaniuliza kama masufuria yaliyokatwa yanaweza kuchomelewa. Nikamwambia sijui, nitaulizia. Sikwenda kumuuliza mtu yeyote, wala yeye hakunikumbusha. Baadaye akaniomba nimkune mgongo, kwa sababu unamwasha kutwa nzima, mkono mmoja haufiki na mwingine hauruhusiwi. Nikamgeuza ubavu, nikaanza juu kwenye mabega nikashuka polepole, yeye akisema hapo, shuka, hapo, mpaka akasinzia. Sikuthubutu kuacha, nikaendelea kumkuna.